Kovu Bila Shahidi

Jioni moja ya mvua, barazani kwangu Buyenzi, hapa Bujumbura, mzee mmoja aliyesomea uinjinia Leningrad miaka ya 1980 alinisomea shairi la Kirusi huku akigonga kikombe kwa kijiko. Sijui Kirusi. Shairi lenyewe nilikuwa nimeshalisoma kwa Kifaransa mara nyingi, likanikaa moyoni, lakini Kifaransa kilinipa maana kikaninyima mlio. Kwa hiyo nikamwomba asome taratibu, asinieleze kitu, mimi nihesabu tu. Kijiko kiligonga mara tano, kikapumzika, kikagonga tena mara tano. Nikatega sikio kungojea kina. Mshororo wa pili ukapita, wa tatu, wa saba. Hakuna.

"Unatafuta nini, mwalimu?"

"Vina, mzee."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Huyu bwana alikuwa na vina vya kugawa. Hapa ameviacha nje na viatu."

Shairi ni la Joseph Brodsky, la mwaka 1972, na jina lake kwa lugha yetu ni "Odysseus kwa Telemachus". Kwa asiyewajua: Odysseus ni mfalme wa kisiwa kidogo cha Ithaca aliyekwenda vita vya Troy, akapigana miaka 10, kisha bahari ikamzungusha miaka 10 mingine kabla hajakanyaga kwao. Telemachus ni mwanawe, aliyemwacha akiwa mchanga. Homer aliisimulia safari hiyo ya kurudi katika vitabu 24. Brodsky ameifanya barua ya ukurasa mmoja, tena barua isiyo na wa kuipeleka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vina viliachwa. Brodsky alikuwa mtu wa vina maisha yake yote. Wenzake wa Ulaya Magharibi na Marekani walivitupa zamani, yeye akavishikilia kama fundi anayeshikilia randa ya babu yake. Hapa anaandika kama baba aliyechoka, na baba aliyechoka hapangi vina anapomwandikia mtoto. Kilichobaki ni yale mapigo matano tu, kama hatua za mtu anayetembea mchangani bila haraka. Ukiondoa vina kwa sababu huviwezi, shairi linalegea. Huyu kaviondoa akiwa anaviweza, na pengo lao linasikika.

Lakini vina ni kitu kidogo katika alivyoviacha. Nimelikalia shairi hili miaka mingi, na kila nikilirudia nahesabu yasiyokuwemo. Farasi wa mti hayumo. Jitu lenye jicho moja halimo. Penelope, mke aliyesuka na kufumua miaka yote ile, hatajwi kwa jina. Hata ushindi haumo: Odysseus, ambaye hila yake ndiyo iliyouangusha mji wa Troy, anamwambia mwanawe kwamba vita vimekwisha na kwamba hakumbuki nani alishinda. Bila shaka walishinda Wagiriki, anaongeza, kwa kuwa wao tu ndio wangeweza kutupa maiti nyingi namna ile mbali na kwao. Msomaji anayejua hadithi anashtuka. Ni kama kumsikia Kinjeketile, yule wa vita vya Maji Maji, akisema amesahau habari ya maji.

Kirke naye, yule mchawi wa kike aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe, hana jina humu. Odysseus anasema tu kwamba yuko kisiwa fulani kichafu, chenye vichaka na majengo, na malkia fulani, na nguruwe wanakoroma. Basi. Nguruwe wale wamebeba hadithi nzima mgongoni, na mwandishi hakupoteza hata neno moja kuieleza. (Buyenzi hapa, mtaa wa misikiti, nguruwe akitajwa tu msomaji keshajua mahali pale si pa kukaa. Brodsky hakutukusudia sisi, lakini tumefaidika.)

Sasa tazama kazi ya ng'ombe. Zipo hadithi, ambazo Homer hakuziimba, kwamba Odysseus hakutaka kwenda vitani. Wajumbe walipomfuata alijifanya mwendawazimu: akafunga jembe la kukokotwa, akalima mchanga wa pwani na kupanda chumvi. Mjumbe mmoja, Palamedes, hakudanganyika. Akamchukua Telemachus, kitoto kichanga, akamlaza mbele ya jembe. Baba akazuia wanyama, na kwa kuzuia akaonyesha kwamba akili zake ni timamu. Akachukuliwa vitani. Kumpenda mtoto ndiko kulikomtenganisha na mtoto.

Kisa hiki kingempa mtunzi yeyote beti arobaini. Brodsky anakigusa mara mbili, karibu na mwisho. Kwanza, kwa maneno machache, baba anamwambia mwana kwamba sasa si tena yule mchanga ambaye mbele yake alizuia mafahali. Halafu, katika mshororo unaofuata, anamtaja Palamedes na kusema kwamba huenda ndiye aliyekuwa na haki, kwa kuwa mwana aliyekua bila baba amesalimika na mateso ya Oedipus. Mafahali mshororo huu, Palamedes unaofuata, na katikati hakuna maelezo. Asiyejua kisa anapita salama. Anayekijua anachomwa mara mbili.

Na Oedipus je, ametoka wapi? Yeye ni wa Thebes, wa ukoo mwingine na masaibu mengine: alimwua baba yake bila kumjua, akamwoa mama yake bila kumjua. Homer hakuwahi kufunga fundo kati yake na nyumba ya Odysseus kwa namna hii. Brodsky analifunga kwa neno moja, akijua kwamba baina ya Homer na sisi amepita Freud, na kwamba msomaji wa leo akisikia jina hilo anafikiria kila baba na kila mwana. Sisi tunaosoma Kiswahili tulikutana na Oedipus mapema: Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Sophocles, ikatoka 1971 kwa jina la *Mfalme Edipode*, mwaka mmoja tu kabla ya barua hii.

Mwaka 1972 wenyewe haukuwa wa hadithi. Tarehe 4 Juni, Brodsky, mwenye umri wa miaka 32, alipandishwa ndege kutoka Leningrad kwenda Vienna, asirudi tena. Miaka minane kabla, mahakama ilikuwa imemhukumu kwa kosa la kuishi bila kazi, kwa sababu kutunga mashairi hakukuhesabiwa kuwa kazi. Akapewa miaka 5 ya kazi ya shuluba katika kijiji cha mkoa wa Arkhangelsk, akatumikia mwaka mmoja na nusu. Alipofukuzwa aliacha wazazi wawili na mtoto wa kiume asiyetimiza miaka 5. Wazazi waliomba ruhusa ya kumtembelea mara kwa mara na kila mara wakakataliwa, mpaka mama akafa 1983 na baba 1984. Kwa hiyo barua ya Odysseus inatoka kwa mtu mwenye mwana halisi katika mji halisi. Na hili nalo limeachwa nje. Hakuna Leningrad humo, hakuna ndege, hakuna serikali. Angeyataja, tungekuwa na shairi la kulalamika, na ya kulalamika dunia inayo tele.

Hakuwa wa kwanza katika Warusi kuchota kwa Wagiriki. Watu hao walipata dini kutoka Byzantium, na herufi zao zilitoholewa kutoka za Kigiriki. Iliad nzima ya Homer, kwa ushairi, waliipata kwa lugha yao 1829, kwa mkono wa Gnedich, baada ya miaka zaidi ya 20 ya kazi. Mwaka 1915 Osip Mandelstam alitunga shairi la mtu aliyekosa usingizi pwani ya Bahari Nyeusi, akisoma ile orodha ndefu ya merikebu katika Iliad, ambayo wanafunzi wengi huiruka, mpaka orodha ikageuka bahari yenyewe. Marina Tsvetaeva akawachukua Phaedra na Ariadne akawapa sauti yake ya kukatakata. Tsvetaeva simwezi kwa tafsiri, nakiri. Mzee wangu husema kumtafsiri ni kama kubeba maji kwa chandarua.

Mimi nimelelewa na ustadi ulio kinyume kabisa. Mtunzi wa utenzi wetu haachi kitu. Anaanza kwa jina la Mola, anaomba wino na karatasi nzuri, anamsalia Mtume, ndipo aingie katika kisa, na akishaingia anakisimulia toka kwanza hadi hatima, kisha anataja jina lake na kuomba radhi kwa makosa. Bwana Mwengo wa Athumani alifanya hivyo kule Pate mwaka 1728, katika *Utendi wa Tambuka*, zaidi ya beti elfu moja juu ya vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi wa Mashariki. Watu husahau kwamba mojawapo ya kazi kongwe kabisa za ushairi wetu iliyobaki katika maandishi inahusu kaisari aliyesema Kigiriki. Na sheria za vina na mizani alizitia kitabuni Kaluta Amri Abedi, mwana wa Ujiji, kusini huko kwenye ziwa letu hili hili la Bujumbura, mwaka 1954. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi* bila kuzifuata, na ugomvi ukawaka ambao wazee wa hapa wanaweza kuuwasha tena kwa glasi moja ya maji ya ndimu.

Sisemi utenzi ni duni. Utenzi hubeba kisa kwenda kwa watu ambao huenda hawajakisikia. Ni merikebu, na merikebu haiachi shehena bandarini. Ustadi wa Brodsky unaishi kwa mkopo. Unawezekana tu pale ambapo hadithi imeshakaa vichwani mwa watu, imesomwa shuleni, imechorwa kwenye vyungu, imechoka. Hapo ndipo mshairi anapoweza kuingia na kuanza kutoa vitu kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mawe ukutani akitazama kama dari itashuka.

Nasi hadithi za namna hiyo tunazo. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, hakuuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni. Siri hiyo ilifichuliwa na mwanawe, ambaye mfalme alimwahidi binti yake, na mkono uliochoma sindano baba akiwa usingizini ulikuwa wa mwana huyo huyo. Liyongo akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale tayari, akafa hivyo hivyo. Watu wakakosa maji siku kadhaa kwa kumwogopa maiti. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na alisimulia vyote: mkate wa wishwa wenye tupa ndani, ngoma iliyopigwa ili kufunika mlio wa pingu zikikatwa, vyote. Ningelipa pesa nzuri kuisoma barua ya Liyongo kwa mwanawe, iliyoandikwa pale kisimani katika dakika zile za goti, bila sindano kutajwa. Tunaijua sindano. Isitajwe.

Kwetu Burundi, mwaka ule wa barua ya Brodsky, 1972, unaitwa kwa neno moja, Ikiza, yaani janga, na hauhitaji zaidi. Mauaji yalianza mwishoni mwa Aprili. Mei, huko Gitega, aliuawa padri Michel Kayoya, aliyekuwa mshairi kabla hajawa kitu kingine chochote machoni pangu. Kitabu chake cha 1968 kilitoka hapa hapa Bujumbura, kwa Kifaransa, na jina lake likiletwa kwa Kiswahili ni *Katika Nyayo za Baba Yangu*. Ni mwana anayemtafuta baba: kijana aliyesomeshwa kwa vitabu vya Wazungu anarudi kuuliza baba yake, Mrundi asiyekuwa na vitabu hivyo, alijua nini juu ya heshima, juu ya ng'ombe, juu ya Mungu. Simlinganishi na Brodsky kwa ufundi. Kayoya anasema mengi waziwazi, wakati mwingine anahubiri, na alikuwa na haki ya kuhubiri. Lakini nikiviweka vitabu vyao pamoja mezani, mmoja anaandika kutoka upande wa baba na mwingine kutoka upande wa mwana, na kati yao iko miezi ile ya 1972, Mei na Juni, ambayo kila mmoja aliipata kwake.

Waliokimbia walikwenda kusini na mashariki, kwa miguu, wengine kwa mitumbwi kutoka Rumonge na Nyanza-Lac. Odysseus wa Brodsky analalamika kwamba macho yamemchoka kwa kutazama pale maji yanapokutana na mbingu. Bujumbura ukisimama ufukweni huoni mstari huo kirahisi: magharibi iko milima ya Kongo, na siku isiyo na ukungu unaweza kuhesabu mikunjo yake. Maji matupu yako upande mmoja tu, kusini, na ndiko walikoelekea. Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na huko walikaa zaidi ya miaka 35. Walipoulizwa wachague, kama 162,000 walichukua uraia wa Tanzania, na zaidi ya 50,000 wakarudi, wengi wao 2008 na 2009, wakiwa na mabati, baiskeli, na Kiswahili cha Tabora.

Kirundi kina kitenzi chao. Kukimbia nchi ni *guhunga*. Kurudi kutoka ukimbizini ni *guhunguka*, na waliorudi ni *abahungutse*. Anayesema Kiswahili aitazame vizuri mikia ya maneno hayo, kwa maana ni ile ile ya kwetu: funga, funguka, kunja, kunjuka, ziba, zibuka. Lugha inakichukulia kimbilio kama fundo. Ulifungwa, sasa umefunguka. Nguo ilikunjwa, sasa imekunjuka. Hakuna sarufi yenye huruma kuliko hiyo, na sijaona lugha nyingine niliyojifunza inayothubutu kuahidi kiasi hicho kwa silabi moja.

Jirani yangu alizaliwa Ulyankulu mwaka 1974. Alirudi 2009, yaani alifungua fundo ambalo hakulifunga yeye. Kijijini kwa babake, shangazi mkongwe alimshika kidevu, akamfungua mdomo kama anavyofanyiwa mbuzi sokoni, akaona mwanya wa meno ya mbele, akaanza kulia: ni mwanya wa kaka yake. Basi alama ilikuwepo na shahidi alikuwepo. Lakini miezi michache baadaye tulikwenda naye kwenye posa ya binamu yake. Wazee wa pande mbili walisimama kusema, na Warundi wakisimama kusema katika posa hawasemi Kirundi cha sokoni. Wanazunguka, wanaficha, wanaomba ng'ombe wakimaanisha binti, wanakataa wakimaanisha ndiyo. Ni ufundi ambao ningeweza kuandika makala nyingine juu yake. Jirani yangu alisikiliza na tabasamu lililoganda. Zamu ya ukoo wao kujibu ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kiume. Akasimama, akajibu kwa Kiswahili safi, kifupi, chenye adabu. Watu wakapiga makofi, na nyuma kabisa vijana wakacheka.

Jambo hilo ndilo lililonirudisha kwa Brodsky, kwa shairi la pili. Kwa sababu alimrudia Odysseus. Mwaka 1993, akiwa na Tuzo ya Nobel ya 1987 na nchi yake ikiwa imeshafunguliwa mlango, akaandika "Ithaca": mishororo 16, beti nne. Mwaka 1993 nao una jina zito kwetu, tangu Oktoba ile Rais Melchior Ndadaye alipouawa na vita vikaanza. Sijengi hoja juu ya tarehe. Ila Mrundi akiona kwamba Odysseus wa Mrusi huyu ana miaka miwili, 1972 na 1993, hawezi kujifanya hajaona.

Katika Homer, kurudi kwa Odysseus kumejengwa kwa alama za kutambulika, moja baada ya nyingine. Anarudi amejigeuza ombaomba. Mbwa wake wa zamani, Argos, akiwa hoi kwenye samadi, anamtambua, anatikisa mkia, anakufa. Mtumishi mzee anamwosha miguu na mkono wake unagusa kovu la nguruwe mwitu pajani. Mwana yuko tayari kusimama naye. Mke anamjaribu kwa siri ya kitanda. Kila alama inafungua mlango mmoja, mpaka amefika chumbani kwake.

Brodsky hakuzitupa alama hizo. Huo ndio werevu wenyewe, na ilinichukua muda kuuona. Mtunzi mwepesi angevuruga kila kitu. Yeye anaipita milango ile ile, na kila mmoja anaukuta umezibwa. Mbwa anabweka mpaka bandari yote inasikia, si kwa furaha, ni kwa kuwa ameingiwa na unyama. Kovu lipo, mtumishi wa kulitambua amekufa. Aliyesemekana anasubiri hapatikani, na sababu inatolewa kwa neno la mtaani ambalo mzee wangu alilisoma akiangalia pembeni. Mwana amekua, naye sasa ni baharia, na anamtazama baba kama takataka. Na lugha inayopigiwa kelele pande zote, hakuna maana kujaribu kuielewa.

Nilipofika kwenye lugha nilisimama. Homer hana alama hiyo. Odysseus wake alirudi akakuta watu wanasema Kigiriki kile kile, hata nguruwe waliitwa kwa jina lile lile. Kati ya vyote vilivyomo katika beti hizo, hiki ndicho Brodsky alichokiongeza badala ya kukigeuza, na kipo pale pale ambapo Homer angeweka siri ya kitanda. Mshairi asiye na nchi huwa na lugha. Ndicho kitanda chake. Yeye anaandika kwamba na hicho kimekwenda. Nikamwona jirani yangu na tabasamu lake la posani.

Safari hii vina vimerudi. Viwili viwili, mshororo na mwenzake, vifupi, vya kugonga kama nyundo ya mafundi wa gereji za mtaa wetu. Baba wa 1972 alizungumza bila vina kwa sababu bado alikuwa na mtu wa kumwambia. Huyu wa 1993 anajisemesha mwenyewe, na anayejisemesha huimba. Hilo ni wazo langu, mzee hakulikubali. Yeye alisema kina kinafaa kwa kejeli, basi. Tukabishana mpaka adhana ya isha.

Halafu akalisoma tena, lote, kwa mara ya mwisho, na kijiko chake. Mishororo ya mwisho inasema juu ya wimbi, kwamba halisahau, na juu ya kipande cha nchi. Akafika neno la mwisho. Akatamka "na", akanyamaza.

Nikasubiri. Nilidhani amehamia Kiswahili na anataka kuongeza kitu. Na nini, mzee? Akanionyesha ukurasa. Shairi limeishia hapo. *Na*, kwa Kirusi, ni "juu ya", "kwenye": wimbi linakimbilia juu ya, na nukta. Kihusishi kimeachwa kinaning'inia bila nomino yake, na ndicho kilichobeba kina cha mwisho. Nchi ambayo wimbi lilipaswa kuipanda haijaandikwa. Miaka 21 ya kuachaacha vitu imefikia kuacha nchi yenyewe.

Tangu jioni ile nimekuwa nikilitafsiri. "Juu ya" haifai mwishoni. Kiswahili hakitaki, kinaonekana kama kosa la mchapaji. Nikajaribu kumaliza kwa "kwenye", ikawa kama tangazo lililochanika. Mwisho nikaacha ujanja nikaandika "na", yetu, ya kuunganisha, isiyo na maana ile ya Kirusi hata kidogo ila sauti ni ile ile na shimo ni lile lile. Sina hakika kama ni tafsiri au ni bahati. Kwenye daftari nimeifuta mara mbili na kuirudisha mara tatu.

Juzi nilimsomea jirani, yule wa Ulyankulu, akiwa anasubiri mkewe atoke msikitini. Alisikiliza akiwa amesimama. Kwenye mbwa alitikisa kichwa, kwenye kovu akaangalia mikono yake. Nikafika mwisho, nikatamka neno langu, nikafunga daftari.

"Na nini?" akaniuliza.